Miaka Yangu ya Kuchoma Makadamia pale Nkubu

Kawira, mwenzangu wa kazi wa miaka mingi, ndiye aliyenisukuma niandike. Alikuja nyumbani Jumapili moja baada ya ibada, akiwa na daftari jipya chini ya kwapa, akaliweka mezani kabla hata sijamkaribisha chai. "Mama," akasema, "yale unayotuambia ukiwa umekasirika, yaandike ukiwa umetulia." Basi nimetulia. Nimestaafu mwezi wa pili sasa, na kutulia ndiyo kazi yangu.

Nawaandikia nyinyi wanne mliobaki pale kiwandani, na wengine mtakaowaajiri baadaye. Nasema kiwanda, ingawa mgeni akilisikia neno hilo hutafuta bomba la moshi na mlinzi wa langoni. Chetu ni vyumba vitatu vya mawe nyuma ya duka la mbolea, na mlinzi ni paka. Humo ndani tumepasua makadamia, tukazichoma, tukazisaga mpaka zikawa siagi laini, tukaitia kwenye chupa za glasi. Habari za nani alipata cheo gani na mshahara gani sitaziandika. Mlizijua zote, tena kabla yangu.

Kabla ya makadamia nilikuwa mpishi wa shule ya bweni ya wasichana, hapa hapa Nkubu. Nilikuwa nimeolewa kutoka Karurumo, upande wa Runyenjes, na mume wangu, ambaye kila mtu anamwita Mwalimu hata sisi wa nyumbani, alirithi miti kumi na mmoja ya makadamia kwa baba yake. Kila msimu mabroka, wale madalali wa makadamia, walikuja na lori lao, wakachagua zile kubwa, wakaacha zile ndogo zimerundikana kando ya lango. Watoto wetu walizipasua kwa mawe na kuzila mbichi. Zilizobaki ziliota ukungu. Mimi, mtu ambaye kazini nilikuwa nikikwangua mpaka ukoko wa sufuria usitupwe, nilishindwa kulitazama lile rundo.

Siku ya kwanza nilizichoma kwa sufuria ya ugali, juu ya moto wa kuni. Zilikuwa nyeusi nje na mbichi katikati. Nilizipeleka shuleni hata hivyo, kwenye chumba cha walimu, nikaziweka mezani nikaondoka haraka kama aliyeiba. Niliporudi kuchukua sahani, ilikuwa tupu. Mwalimu wa hesabu alinifuata mpaka jikoni. "Mama Mwenda, hizo vitu zimeungua vibaya sana," akaniambia. "Kesho utaleta zingine?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba nina biashara, na kwamba sijui kuchoma.

Nilimuuliza kila mtu ni nani anayejua kuchoma, na kila mtu alinielekeza kwa Mzee Salim, Meru mjini. Alikuwa na kibanda karibu na msikiti ambapo alichoma kahawa na njugu tangu ujana wake. Babu yake alikuja Meru zamani na misafara ya wafanyabiashara, akaoa hapa, na mzee mwenyewe hakujua hasa alitoka wapi. Alichojua ni kwamba Kiswahili cha kwetu kilimuumiza masikio.

"Mzee, hii makadamia imeiva?" nilimuuliza siku ya kwanza, nikimnyooshea kiganja.

"Makadamia hizi zimeiva," akasema.

Nikafurahi. "Kumbe zimeiva!"

"Hazijaiva. Nakurekebisha lugha. Sasa turekebishe na moto."

Nilikwenda kwake kila Jumamosi kwa msimu mzima. Jumamosi tatu za kwanza hakuniruhusu kushika mwiko. Alinikalisha kwenye kigoda, nikiwa nimelipa jiko mgongo na uso nimeuelekeza ukutani, akaniambia ninuse. Kazi yangu ilikuwa kusema "sasa". Mwanzoni makadamia hutoa harufu ya majani yaliyolowa. Kisha harufu hiyo hupotea, na kwa muda hunusi kitu. Hapo wengi huongeza moto na kuziharibu. Kisha inakuja harufu ya mkate, na baada ya mkate inakuja ya biskuti, nyepesi sana. Hapo ndipo pa kuziondoa, kwa sababu zikiwa nje ya moto bado zinaendelea kujipika zenyewe kwa mafuta yake. Ukingoja uone rangi, umechelewa.

Nilisema "sasa" mapema mno, nikasema "sasa" nimechelewa, na mara moja nilisema "sasa" nikiwa nimenusa mkate wa kweli uliokuwa unapita na mwenye baiskeli. Mzee Salim alicheka mpaka akakohoa. Siku niliyopatia mara tano mfululizo, aliniinua kwenye kigoda. Alinipa mwiko tu, akavuta kigoda, akaenda kukaa mahali pangu kutazama ukuta.

Hakuwahi kukubali malipo. Alikubali kuku mmoja kila Idi, na alitaka awe hai ili amchinje mwenyewe. Alifariki kabla hatujapata hiki kiwanda. Nilikwenda mazishini nikiwa mwanamke pekee kutoka Nkubu, na binti yake alinishika mkono akaniita "mwanafunzi wa baba". Sijawahi kupewa cheti kingine.

Nizungumze kuhusu kupasua. Ganda la makadamia, kama mnavyojua, halina huruma. Nilianza na nyundo, na nusu ya viini vilipondeka na nusu vilirukia paani. Kisha fundi mmoja wa vyuma hapa Nkubu alinitengenezea mashine kwa jeki ya gari kuukuu na vipande viwili vya reli. Unaweka makadamia moja, unazungusha mpini, unasikia "tak", unaacha. Ukizungusha zaidi kidogo, umetengeneza unga. Mashine hiyo ndiyo ile iliyofunikwa gunia kwenye kona ya stoo, chini ya mizani ya zamani. Umeme ukipotea mtaijua thamani yake. Atakayeiuza kwa chuma chakavu, asiniambie.

Nilipoacha kazi ya shule nilihitaji makadamia nyingi kuliko za miti kumi na mmoja. Nikarudi Karurumo kwetu, kwa wakulima walionijua tangu nikiwa msichana. Huko nilipata ugomvi wangu wa kwanza wa kibiashara. Mzee mmoja, Njagi, rafiki wa marehemu baba yangu, aliniletea magunia mawili. Nilipasua kadhaa, nikatia viini kwenye ndoo ya maji mbele yake. Karibu zote zikazama.

"Nzuri kabisa," akasema Mzee Njagi. "Zimezama kama maharagwe mazuri."

"Baba, za kuzama ndizo mbaya. Hazijakomaa. Iliyokomaa ina mafuta, huelea."

Akatikisa kichwa. "Mtoto wa Ireri, mimi nimelima tangu kabla hujazaliwa. Kitu kinachoelea ni kitu kitupu."

Sikubishana. Nilikwenda kwenye shamba lake, nikaokota zilizoanguka zenyewe chini ya mti, nikazipasua, nikazitia kwenye ndoo ile ile. Zikaelea zote. Kisha nikampa aonje moja ya zilizozama na moja ya zilizoelea. Alitafuna taratibu, akatema ile ya kwanza. Ikajulikana kwamba vijana wake walikuwa wakitikisa miti ili wauze mapema kabla ya jirani. Hakuniomba msamaha, wala sikutaka, kwa sababu mzee wa umri ule haombi. Lakini tangu siku hiyo hajawahi kuleta gunia kwangu kabla ya kulipitisha kwenye karai lake mwenyewe, na nasikia huwafundisha majirani kama ni yeye aliyegundua.

Kawira alikuja mwaka ule tulioingia kwenye hivi vyumba vya mawe. Alikuwa mama wa watoto wawili, aliyeachwa na mume, na alikuwa amefanya kazi ya kuchambua maharagwe kwa mfanyabiashara mmoja wa soko. Nilimweka kwenye meza ya kuchagua viini. Baada ya wiki moja aliniambia meza iko mahali pabaya, mwanga unatoka nyuma ya mtu na kivuli chake kinaangukia kazi. Nilikuwa nimeiweka pale mwenyewe, tena nikijisifu. Tuliihamisha. Ipo hapo mpaka leo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Kawira alitaka niliandike, na ambalo mimi nilitaka kulipita.

Mashine ya kusaga ilikuwa mpya, na watu walikuwa wakija kuitazama. Akina mama wa kanisa letu walikuwa wanaandaa chakula cha harusi ya binti wa mchungaji, wakaniomba niwasagie njugu karanga za kutia kwenye mchuzi. Nilikuwa katibu wao. Ungekataaje? Kawira hakuwepo siku hiyo, mtoto wake alikuwa na homa. Niliwasagia njugu, nikaiosha mashine kwa maji ya moto, nikaipangusa kwa kitambaa safi, na asubuhi iliyofuata nikasaga makadamia kama kawaida. Chupa zikajazwa, lebo zikabandikwa: makadamia tupu.

Jumamosi nilikuwa na meza yangu sokoni. Mwanamke mmoja akaja na mtoto wa kiume wa kama miaka sita. Mwanamke huyo jina lake Makena, mfanyakazi wa ofisi moja ya serikali Meru mjini. Alichukua chupa akaisoma lebo pande zote, kisha akaniuliza, "Mama, hakuna njugu ndani? Huyu kijana yangu ana aleji ya njugu. Makadamia anakula bila shida, lakini njugu hata harufu hawezi."

"Hakuna hata moja," nikasema. Nilisema nikitabasamu. Hata nilimpa yule mtoto, Munene, aonje kutoka chupa ya maonyesho, iliyosagwa kabla ya zile njugu za harusi, na hakudhurika. Mama yake akanunua chupa mbili mpya.

Jumanne mwenye duka mmoja wa hapa Nkubu alinipigia simu. Alisema kuna mtoto amelazwa hospitali, amevimba uso na koo, alipelekwa akiwa hawezi kupumua vizuri, na mama yake amesema alikula mkate uliopakwa siagi yetu. "Lakini wewe nyamaza tu," akaniambia. "Watoto hula vitu vingi. Nani atajua?"

Niliweka simu chini nikamwambia Kawira. Alichukua spana, akafungua mashine ya kusaga, akatoa yale mawe mawili ya ndani ambayo mimi sikuyafungua. Siagi ya makadamia ni nyeupe inayoelekea rangi ya maziwa. Alipitisha kijiti kwenye mfereji wa jiwe la chini, akakitoa na utando wa rangi ya kahawia. Akaninyooshea. Nilinusa. Ilikuwa njugu.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "ilisagwa njugu hapa?"

"Mimi ndiye nilisaga."

Tulisimama pale na kile kijiti.

Mwalimu alikuja kula chakula cha mchana, nikamweleza. Yeye ni mtu wa kufikiri kwa sauti. "Ukienda kusema, huenda kazi imekwisha," akasema.

"Na nisipokwenda?"

"Utabaki na kazi." Akasukuma sahani. "Lakini hutaweza kuifanya. Nakujua. Ngoja nivae viatu."

Hospitali tulimkuta Makena kwenye benchi nje ya wadi ya watoto. Nilipojitambulisha alinyanyuka. Alikuwa bado amevaa nguo za kazi za siku iliyotangulia. Nikamwambia yote bila kupumzika: njugu za harusi, maji ya moto, kitambaa, mawe ya ndani. Mwalimu alisimama nyuma yangu, kofia mkononi.

"Nilikuuliza," akasema Makena.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza nikiwa nimemshika mkono. Ukaniambia hakuna hata moja."

"Nilisema hivyo. Na haikuwa kweli."

Nilingoja anipige. Ningeona ni haki. Badala yake aliketi tena akafunika uso kwa mikono, akalia, na kilio chake hakikuwa cha hasira tu. Alipoweza kusema, alisema hivi: "Daktari amekuwa akiniambia sasa ni makadamia pia. Na kama ni makadamia, ni nini kingine? Tangu jana nahesabu vyakula vya kumnyima." Akanyanyuka tena. "Njoo umwambie daktari vile umeniambia mimi. Neno kwa neno."

Nikamwambia daktari neno kwa neno. Akaandika. Akaniuliza maswali mawili, akanishukuru kwa sauti isiyo na joto wala baridi, akarudi kwa mgonjwa wake. Kupitia mlango niliona uso wa yule mtoto, macho yakiwa mistari miwili tu kwa kuvimba. Alikuwa amelala. Alitoka hospitali siku ya tatu, na namshukuru Mungu mpaka leo kwamba naliandika neno hilo, alitoka.

Tulikwenda kuzichukua chupa zote za msago ule. Shemeji yangu alituazima pikapu, na mimi na Kawira tulizunguka Nkubu, Meru mjini, Runyenjes mpaka Embu, duka kwa duka. Mwenye duka mmoja wa Embu alizishikilia chupa zake kifuani. "Mama, kitu kibaya ni kile hakiuziki," akasema. "Hii inauzika!" Ilibidi Kawira amweleze habari ya mtoto, ndipo akazitoa moja moja. Jumapili nilisimama kanisani nikasema mbele ya watu kilichotokea, na aliye na chupa yenye lebo ya tarehe ile airudishe. Akina mama wenzangu walikasirika. Katika masikio yao nilikuwa nimesema njugu zao ni sumu, tena wiki ile ile ya harusi. Kwa miezi kadhaa nilikaa kwenye benchi langu nikiwa na nafasi kubwa pande zote mbili. Chupa tatu hatukuzipata kamwe. Nilikuwa nikiamka asubuhi nikizifikiria, ziko kwenye kabati la nani.

Maduka mengi yaliacha kuagiza. Msimu ule tulisaga kidogo sana, na Kawira alikuja kazini hata siku ambazo hakukuwa na kazi, akapaka kuta chokaa. Tulikubaliana kwamba njugu haitavuka kizingiti kile, hata ya mtu kutafuna. Mmekuwa mkinicheka kwa kuwapekua mifuko ya makoti. Sasa mnajua.

Baada ya kama miezi minne, Makena alikuja. Hakupiga simu. Aliingia, akasalimia, akaomba aonyeshwe kila kitu. Kawira alimfungulia mashine kwa spana. Alipitisha kidole kwenye mifereji ya mawe, akakitazama, akakinusa. Akaingia stoo. Akatazama chini ya meza. Kisha akaomba kalamu, akaandika nyuma ya risiti: *Mahali hapa hapasagwi wala hapaliwi njugu.* "Muweke hiyo kwenye lebo," akasema. "Na mkiiweka, iwe kweli kila siku."

Nilimpa chupa kama zawadi. Aliirudisha mezani polepole, bila ubaya. "Bado, Mama Mwenda," akasema. Na mpaka leo hajanunua. Lakini maneno yake yako kwenye kila chupa inayotoka pale, na wapo wazazi wanaotoka mbali kutafuta siagi yetu kwa ajili ya mstari ule. Wengine wakiulizwa nani amewaelekeza, wanasema ni mama mmoja wa ofisini Meru. Munene sasa amenipita urefu. Tukikutana sokoni hunisalimia kwa kunishika mkono, na mama yake hutusubiri hatua chache mbele, akitazama nyanya.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi tu, na kazi ikienda vizuri haina mengi ya kuandikwa. Tulinunua jiko la sinia. Mkaguzi alikuja akapata kosa moja, kwamba paka hana ruhusa ya kuwa ndani. Tukamweka nje, akarudi kwa dirisha, na kwenye ripoti iliyofuata hakutajwa.

Kisha ile homa. Mwaka juzi niliugua homa kali ya mafua, nikalala wiki mbili. Nilipopona, nilimwambia Mwalimu chai yake siku hizi ni maji tu. Akaonja, akasema ni ile ile. Nikaenda jikoni nikafungua mkebe wa tangawizi, nikaingiza pua. Hakukuwa na kitu. Nikanusa mafuta ya taa. Hakukuwa na kitu. Daktari aliniambia huenda harufu itarudi, huenda isirudi, tungoje.

Sikumwambia mtu kazini. Ningesema nini? Mtu aliyewafundisha nyote kunusa, ambaye aliwageuza nyuso ukutani mmoja mmoja? Nilirudi kwenye jiko langu, nikatumia saa ya ukutani, nikatumia rangi ambayo nilikuwa nimewakataza kuitumia. Na ajabu, masinia yalitoka vizuri. Nilijiambia uzoefu umeingia mpaka kwenye mifupa.

Wakati huo Kawira alipata kikohozi. Alikuwa amehamishia kazi yake ya kupima chupa karibu na jiko, akisema mwanga ni bora pale, na kila nilipokuwa nachoma alikohoa. Nilimletea asali. Nilimletea tangawizi ile ile nisiyoweza kuinusa. Nilimkaripia aende hospitali kabla hajatukoholea kwenye chupa. Alisema, "Nitaenda, Mama," akaendelea kukohoa.

Wiki moja alikwenda Kiritiri kwa mazishi ya shangazi yake. Asubuhi hiyo niliweka sinia, nikatazama saa, nikatazama rangi, nikaona bado dakika mbili. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo na nyinyi wengine mkaingia mbio kutoka uani, vitambaa puani. "Mama! Kunaungua!" Mnakumbuka. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya moshi ule, mwiko mkononi, nikiwaambia mtulie, bado dakika mbili.

Kawira aliporudi, nilimngoja kwenye benchi la nje. Alikuwa amekwisha kusikia. Aliketi kando yangu na mkoba wake wa safari.

"Kikohozi kimepona?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Kimepona, Mama."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza uliporudi. Uliacha sinia lipite biskuti, nikakohoa ili ugeuke uniangalie; ukageuka, ukalikumbuka sinia, ukalitoa. Nikaona inafanya kazi."

"Mwaka mzima, Kawira?"

"Na miezi miwili." Kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayejitetea, "Sikutaka uone kama tumekunyang'anya mwiko. Nilifikiri itarudi."

Nilitaka kumkaripia. Nilikuwa na maneno tayari kuhusu usalama wa chakula na ukweli. Lakini nilipofungua mdomo nilianza kucheka, kwa sababu nilikumbuka zile chupa zote za asali nilizomnywesha mtu mzima asiye mgonjwa, na yeye akaanza kucheka, na mwishowe tulikuwa tunalia wote wawili pale kwenye benchi na wateja wanapita. Wiki hiyo niliandika barua ya kustaafu. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale, niliiandika kwangu mwenyewe, nikajikubalia.

Jumatatu iliyopita Kawira alikuja nyumbani na chupa ya aina mpya: makadamia na asali ya Mbeere, na chumvi kidogo. Amebuni peke yake, hakuniuliza. Harufu sina, lakini ulimi bado unajua tamu, chumvi na chungu. Nilichota kijiko. Alisimama mlangoni, hakuketi.

"Chumvi imezidi," nikasema.

"Haijazidi, Mama."

"Nimesema imezidi."

"Na mimi nimesema haijazidi. Tumeshabandika lebo."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kunijibu hivyo, hata siku ya ile meza. Nilimtazama, akanitazama, wala hakuinamisha macho. Nilimwambia basi aketi anywe chai. Akasema hawezi, ana sinia linaloingia motoni saa nne na hawezi kumwachia mtu. Nilimsindikiza mpaka lango. Alishuka njia kwa haraka, mkoba begani, bila kugeuka.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufikia Alhamisi chupa ilikuwa tupu, na Mwalimu anaapa kwamba yeye hakuigusa.